Siku Ishirini na Moja za Mzee Pini

Nyumbani, 2 Machi

Kengele binti yangu,

Sisi wazima, ukiondoa goti la mama yako na hasira zangu. Naandika kwa mkono wangu, sijamwomba mtu, ukiona herufi kubwa kubwa jua karatasi ni zangu na wino ni wangu.

Jana nilikwenda kunyoa. Kinyozi akaniambia, "Mzee Pini, nimemwona binti yako kwenye simu, kasimama nje ya makao makuu ya ardhi na kipaza sauti, anataka serikali itoe makaratasi hadharani." Nikamwambia wewe unaota, binti yangu yuko ndani ya hayo makao makuu, ana meza, ana kiti kinachozunguka, nje atafuata nini? Akanionyesha. Nikaona ni wewe, na kitambaa cha kichwa ni cha mama yako, kile anachokitafuta tangu mwaka jana. Nikanyanyuka nikaondoka, upande mmoja umenyolewa, upande mwingine bado. Mama yako amecheka mpaka kashika goti.

Sasa nieleze vizuri maana sielewi. Umefukuzwa au umetoka mwenyewe? Mimi nimeitumikia ofisi ya wilaya miaka thelathini na minne, tarishi, darasa la tatu sikulimaliza, na wakuu saba wamepita pale wakaniacha palepale. Hakuna faili lililopotea mikononi mwangu. Wenye digrii walikuwa wananifuata, "Mzee Pini, lile la kijani la mwaka ule liko wapi?" na mimi nalitoa nimefumba macho. Wewe ulipopata kazi makao makuu nilitembea mtaa mzima kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuwatangazia. Sasa nirudi nyumba kwa nyumba nikawaambie nini?

Kinyozi ananidai nusu ya kichwa. Jibu upesi.

Ni mimi baba yako,
Mzee Pini


Mjini, 9 Machi

Shikamoo baba,

Sikufukuzwa. Nimeacha kazi mwenyewe tangu Januari, na sikuwaambia kwa sababu nilijua utapanda basi uje unirudishe kwa mkono. Kitambaa nitamrudishia mama.

Nitakueleza kidogo kidogo. Unaujua uwanja wa nyuma wa zahanati yetu, pale akina mama wanapokaa na watoto kusubiri, pale gari la wagonjwa linapogeuzia. Umepewa mtu anayetaka kujenga ghala. Sheria inasema kabla uwanja haujabadilishwa matumizi, ofisi ya wilaya lazima ibandike tangazo siku ishirini na moja, mwananchi mwenye pingamizi alete. Siku zikiisha bila pingamizi, wilaya inajaza fomu, fomu inakuja makao makuu, anaigonga mhuri karani mmoja. Karani huyo nilikuwa mimi. Nimezigonga miaka saba, baba. Nilikuwa nasoma mstari mmoja tu: "Limebandikwa siku 21, hakuna pingamizi."

Desemba wakaja akina mama wa zahanati, wamesafiri usiku kucha, wakauliza tangazo lilikuwa wapi. Nikawaambia lilibandikwa. Mmoja akasema, "Mwanangu, sisi tuko mle ofisini kila wiki. Hatukuliona." Nikatoa fomu za wilaya yetu za miaka saba, mia tatu na kitu. Zote hakuna pingamizi. Hata moja, baba. Watu hawa hawa wanaogombania nafasi ya kuegesha baiskeli, hawajapinga kitu miaka saba?

Ndipo nikaacha kazi. Sasa mimi na wenzangu tumefungua shauri kwenye baraza la rufaa, litasikilizwa 27 Machi huko huko ofisi ya wilaya. Tukishindwa, ghala linaanza kujengwa Aprili. Tunasema tangazo halikubandikwa.

Lakini chini ya fomu ya zahanati kuna sahihi. Ni yako. Ilikuwa fomu yako ya mwisho kabla hujastaafu. Naomba unijibu bila kukasirika: ni wewe uliyesaini? Au walikuletea tu ukaandika? Kama walikuletea nitakulinda, sitaruhusu mtu akuguse.

Mwanao,
Kengele


Nyumbani, 13 Machi

Kengele,

Nimesoma barua yako mara tatu, mama yako akanisomea mara ya nne nikidhani nimekosea. Sikukosea. Mwanangu wa kumzaa ananiuliza kama nilisaini kitu sijakifanya.

Utanilinda wewe? Mimi ndiye niliyekuwa nakukimbiza zahanati mgongoni ulipoungua na homa!

Sasa sikiliza, na uwasomee wenzako. Tangazo la zahanati nilibandika. Kwa mikono hii. Pini nne, moja kila kona, si tatu kama walivyokuwa wanafanya wale waliokuja baada yangu, karatasi inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Na sikubandika hilo tu, nimebandika yote. Jina la Mzee Pini unafikiri nililiokota?

Nikueleze kazi ilivyo maana nyie wa makao makuu mnajua mihuri tu. Zamani ubao wa matangazo ulikuwa pale mlango mkubwa. Ulikuwa aibu. Jua linaingia, baada ya wiki karatasi imepauka, watu wanachana pembe wanaandikia namba za simu, watoto wanachora ndevu juu ya nembo. Akaja Mkuu huyu tuliye naye, bado kijana wakati ule, akasema, "Mzee Pini, huu ubao tuutafutie mahali pa heshima." Tukauhamishia korido ya ndani, ukuta wa masjala. Nikaupigilia mimi, nikaupima kwa kamba, haujapinda hata ukucha. Na mahali pake nimepapenda kwa sababu mlango wa masjala unafungukia nje, kwenye korido. Saa mbili asubuhi tukifungua ofisi naufungua mlango mpaka mwisho, unalala ukutani, nautia ndoano usipigwe na upepo, basi ubao wote unafunikwa vizuri, jua haligusi, vumbi haligusi, vidole vya watu havigusi. Saa tisa na nusu wananchi wakishatoka nafungua ndoano, nafunga masjala, naona matangazo yangu yako vilevile kama nilivyoyaweka. Siku ya ishirini na moja unabandua karatasi, mpya kabisa. Miaka ishirini na miwili hakuna tangazo lililochanika. Ulizia wilaya nyingine kama wana kitu kama hicho.

Mkuu mwenyewe alikuwa anawaleta wageni wa ukaguzi, anawaonyesha karatasi nilizobandua, wanasema, "Safi sana."

Sasa unakwenda mbele ya baraza kusema halikubandikwa. Utakuwa umesema baba yako ni mwongo. Fikiria hilo.

Mama yako anasema ule vizuri. Mimi sijasema kitu.

Mzee Pini


Ofisi ya Wilaya, 18 Machi

Kwa: Tarishi Mstaafu
Kuhusu: Kutoa maelezo mbele ya baraza la rufaa

Husika na mada tajwa hapo juu.

Ofisi inakufahamu kama mtumishi uliyefanya kazi kwa uadilifu kwa muda mrefu. Kutokana na malalamiko yaliyowasilishwa kuhusu kiwanja cha zahanati, unaombwa kufika tarehe 27 Machi saa tatu asubuhi kuthibitisha kwamba tangazo lilibandikwa kwenye ubao rasmi kwa siku ishirini na moja kama inavyotakiwa.

Unashauriwa kujibu swali hilo peke yake, kwa kifupi. Maelezo mengine hayatahitajika.

Ofisi inatambua kwamba mmoja wa walalamikaji ni binti yako na inakutakia hekima.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Mkuu wa Ofisi


Mjini, 19 Machi

Shikamoo baba,

Barua yako nimeipata. Nisamehe kwa swali lile. Hukusaini kitu ambacho hukufanya, nimeelewa, na sitakuuliza tena.

Nasikia Mkuu atakuita shahidi. Nenda, baba. Usiogope kwamba mimi nimekaa upande wa pili. Ila nakuomba jambo moja tu: ukifika pale uwaeleze kazi yako kama ulivyonieleza mimi. Ubao uko wapi, asubuhi unafanya nini, saa tisa na nusu unafanya nini. Usiache kitu. Watu wajue ulivyokuwa unafanya kazi.

Nitafurahi ukifanya hivyo.

Kengele


Nyumbani, 22 Machi

Kwa Mkuu wa Ofisi,

Salamu zako zimefika mkuu wangu, na hekima uliyonitakia nimeipokea ingawa nilikuwa nayo.

Nitakuja. Umenishauri niseme kwa kifupi, najua unaogopa nitajisifu mbele ya wakubwa, maana unanijua. Usiwe na wasiwasi, sitajisifu sana. Lakini ukinisimamisha pale niseme "nilibandika" halafu nikae, watafikiri ni kazi ya mtu yeyote. Haikuwa kazi ya mtu yeyote. Wewe mwenyewe unajua tulivyoupanga ule ubao mimi na wewe. Nitawaeleza na sehemu yako pia, usipate hasara.

Hata binti yangu, ambaye siku hizi hakubaliani na serikali, amekubali nieleze. Sielewi kwa nini nyote wawili mnagombania nije, kila mtu anafikiri nitamfaa yeye. Basi nitawafaa wote.

Tarishi wako wa miaka yote,
Mzee Pini


Nyumbani, 29 Machi

Kengele,

Uliondoka juzi bila kuja nyumbani. Mama yako alikuwa ameshapakua.

Niandike mimi sasa, kwa sababu pale barazani nilisema mengi, lakini kuna moja sikusema.

Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa nimenyolewa kichwa chote. Mkuu akaniuliza, "Tangazo lilibandikwa?" Nikasema, "Lilibandikwa, pini nne." Akasema, "Asante, kaa." Watu wake wakaanza kukusanya makaratasi. Nikasema bado sijamaliza. Mkuu akasema, "Inatosha, mzee." Yule mama mwenyekiti wa baraza akasema, "Mwacheni mzee amalize." Nikakuangalia wewe. Uliinamisha kichwa. Nikafikiri unanionea fahari na hutaki watu wakuone.

Nikaeleza. Mlango, ndoano, kivuli, saa tisa na nusu. Nikaona watu wanaandika haraka haraka, nikapunguza mwendo wasipitwe. Nilipomaliza mama mwenyekiti akauliza, "Mzee, wananchi wanaingia humu saa ngapi?" Nikasema saa mbili. "Wanatoka saa ngapi?" Nikasema saa tisa na nusu. "Na muda wote huo mlango uko wapi?" Nikasema nimeshaeleza, umelala juu ya ubao. "Basi wananchi walikuwa wanasoma vipi?" Nikasema, "Hakuna aliyekatazwa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, si kicheko cha furaha.

Mama mwenyekiti akasema twende tukaone. Tukaenda wote, korido ikajaa. Akaniambia, "Fanya kama asubuhi." Nikaufungua mlango, nikautia ndoano. Nimeufungua mlango ule siku nyingi kuliko nywele za kichwa changu, Kengele. Nikageuka kuwaonyesha ubao. Hapakuwa na ubao. Palikuwa na mlango, na watu arobaini wanautazama mlango.

Akauliza pole pole, "Kwa miaka ishirini na miwili, nani alikuwa anasoma haya matangazo?" Nikasema mimi. Ndiyo kweli. Kila siku nikishafunga masjala nilikuwa nasimama nasoma, neno moja moja kwa kidole, maana nilitaka nijue kusoma kama nyie. Mimi ndiye niliyesoma yote. Na hapo ndipo nilisikia maneno yangu mwenyewe yanavyoingia masikioni mwa watu.

Mkuu akasema yeye hakujua, tarishi ndiye aliyekuwa anafungua mlango. Kweli nilikuwa nafungua mimi. Lakini aliyesema ubao uje pale ni yeye. Sasa sijui. Alijua? Au alikuwa kama mimi, anapenda karatasi safi? Nimejaribu kukumbuka uso wake siku ile tunapima ukuta, nauona uso wa kijana tu aliyekunja mikono ya shati.

Si hilo ninalokuandikia. Naandika kuuliza hili. Barua yangu ya tarehe 13 ulipoisoma, ulielewa. Wewe una akili, ulielewa palepale. Ukaniandikia "usiache kitu." Ukaniacha nivae shati jeupe niende nikajisifu mbele ya watu kwa jambo la aibu, na wewe umekaa unajua. Unapigania watu waambiwe mambo yanayowahusu. Mimi si mtu?

Nijibu ukweli.

Baba yako


Mjini, 4 Aprili

Baba,

Nilielewa. Nilikuwa nimesimama jikoni nilipoisoma, nikakaa chini sakafuni.

Wenzangu walisema usiambiwe. Walisema mzee akijua ataona haya atanyamaza, au Mkuu atamwona amefundishwa maneno na binti yake. Nikakubali haraka, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilikubali haraka. Nilijiambia ni kwa ajili ya akina mama wa zahanati. Sina hakika. Huenda niliogopa tu kukuandikia wewe sentensi ile. Nilijaribu, ninayo karatasi, imeishia kwenye "Baba, ule mlango".

Sikuja nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Mwambie mama anisamehe.

Hukumu imetoka jana. Tangazo la zahanati limefutwa, uwanja haujengwi, watabandika upya mahali panapoonekana. Akina mama wanaimba, wamenibeba juu juu, na mimi sijui nicheke au nilie. Wananiita shujaa. Nani anagonga mihuri mia tatu bila kuuliza halafu anaitwa shujaa?

Mengine yote yamebaki hewani. Tumeomba orodha ya matangazo ya miaka ishirini na miwili tuwape watu. Ofisi imejibu kwamba daftari la matangazo halionekani. Makao makuu kuna fomu za miaka saba tu, nazo zina namba za viwanja bila maelezo. Sijui tuanzie wapi.

Wewe hukufanya kosa, baba. Au ulilifanya nami nililifanya. Sijui tena nakuandikia kama nani.

Mwanao, kama bado unataka


Nyumbani, 10 Aprili

Kengele,

Acha maneno ya "kama bado unataka". Ukoo huu haugawi barua ya kuacha mtoto.

Nimekasirika bado, lakini sina nafasi ya kukasirika, nina wageni.

Tangu siku ya baraza watu wanakuja hapa. Mwanzo nilifikiri wamekuja kunipiga. Nikatoa kiti nje, nikakaa, nikasema aje. Hakuna aliyenipiga. Wanauliza. "Mzee Pini, ile njia yetu ya nyuma iliyofungwa, ilikuwa na tangazo?" Nawaambia ilikuwa nalo, mwaka ule wa mvua nyingi, namba yake hii, aliyeomba fulani. Wananiangalia kama mganga. Nimewaambia si uganga, msomaji wa kidole haruki neno. Nyie wasomi mnasoma mnasahau, mimi kila neno nililipata kwa jasho, litanitokaje sasa? Daftari lao halionekani, mimi naonekana. Huko makao makuu yote hakuna kichwa kama hiki, waambie wenzako.

Lakini leo amekuja fundi cherehani, yule mama aliyekushonea gauni la kumaliza shule. Alikuwa na kibanda chake na kiwanja pembeni ya soko, wakaja kukivunja miaka kumi na moja iliyopita, hakujua kwa nini. Akauliza, "Changu kilikuwa na tangazo?" Nikasema kilikuwa nalo. Akasema, "Nisomee."

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nikamsomea kutoka kichwani, "Taarifa kwa umma, kiwanja namba sitini na nane, kitalu cha pili," mpaka chini. Akauliza, "Siku hizo mimi sikuja ofisini?" Nikamwambia ulikuja, ulikuja mara mbili kulipia leseni, ulikaa kwenye benchi la korido. Akauliza, "Mlango uko nyuma yangu?" Nikasema ndiyo mama, na nilikusalimia. Akasema, "Nakumbuka. Uliniuliza habari za watoto."

Mama yako alitoka ndani akaweka maji, hakuna aliyekunywa.

Fundi akasema nimsomee tena mwisho. Nikasoma, "Mwenye pingamizi alete kwa maandishi ndani ya siku ishirini na moja tangu kusomwa kwa tangazo hili." Akasema, "Ninalo."

Nikamwambia, mama, siku zimekwisha, kibanda hakipo, pale pana duka la ghorofa mbili. Akasema, "Mimi nimesomewa leo. Hesabu kuanzia leo." Nikamwambia mimi si ofisi, nimestaafu, sina mhuri, hata mwanangu hana tena. Akasema, "Una kalamu?"

Kalamu ninayo. Nikaandika anavyosema, neno moja moja, ukurasa mmoja na nusu, alikuwa ananisubiri nikimaliza herufi. Nikaweka tarehe ya leo. Chini akasaini yeye, na mimi nikasaini kwamba limepokelewa. Sijui kama ninayo haki ya kupokea. Hakuna aliyenipa.

Siku ishirini na moja zinaisha tarehe mosi Mei, nimehesabu kwa vidole na mama yako kahesabu kwa kalenda. Wengine watano wanakuja kesho asubuhi, nao wanasema wanayo mapingamizi. Njoo na karatasi nyingi, na usije na kipaza sauti.

Na njiani fikiria: tumpelekee nani?

Baba yako